Shamba la Kinole na Digrii ya Winfrida

Pale Kihonda, mbele ya meza ya mitumba ya Rogers, kuna benchi ambalo tangu watu waanze kupunguzwa viwandani halijapata kupoa. Asubuhi hiyo Ignas alikuwa ameliletea tatizo lake, na tayari alikuwa anajuta. Mpwa wake Winfrida amechaguliwa chuo kikuu, kusomea kilimo. Kwa Waluguru wa kwao baba wa mtoto hana kauli. Anayesema ni mjomba, na mjomba ndiye yeye. Ukoo unamsubiri kijijini Kinole leo hii. Bibi yake Winfrida amechoka, na shamba la ukoo hurithiwa na wanawake, na kati ya wajukuu wa kike amebaki Winfrida peke yake. Akienda kusoma, shamba atabaki nalo nani?

Athanas, ambaye kwa kuwa aliwahi kuwa tarishi chuoni Dar wanamwita Profesa, alishusha kikombe cha kahawa.

Profesa: Wasichana wa kwanza wa chuo mimi niliwaona. Wachache mno. Wanatembea wamekumbatia vitabu, hawasalimii mtu.

Ignas: Labda hawakukujua.

Rogers: Halafu walibebwa, bwana. Sisi wanaume tulilazimishwa tufanye kazi kwanza ndipo tuingie chuo, wao wakapita moja kwa moja.

Ignas: Sisi nani, Rogers? Wewe uliishia darasa la saba.

Rogers: Nawasemea wenzangu.

Geofrey, fundi redio, ambaye jina lake la kijiweni ni Bibisi, alicheka kwa dharau.

Bibisi: Hamjui kitu nyie. Siku ya mahafali majoho yote yalikuwa ya kiume. Ikabidi wakaazimiwe kwa askofu.

Profesa: Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Rogers: Ndiyo maana hawakuolewa. Ukishavaa joho la askofu, umeshawekwa wakfu.

Ignas: Jamani, nimewauliza habari ya shamba.

Profesa: Si ndiko tunakokwenda. Huyo atarudi na vipimo, apime udongo, aamuru midalasini yote ing'olewe.

Bibisi: Ataliuza kwa mwekezaji. Siku hizi kila kitu ruksa.

Ignas alitaka neno moja la kwenda kusema mbele ya ukoo, naye anapewa maaskofu. Akiwa bado anatafuta namna ya kuaga bila kutukana, Winfrida akatokea na kikapu chake cha safari, amekuja kumchukua.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia, wote wakiangalia pembeni.

— Mjomba, bibi akiondoka shamba litakuwa la nani?

— Lako.

— Si la wajomba?

— Mjomba harithi shamba. Ni lako.

— Sasa mbona mwenye shamba ndiye anayeombewa ruhusa ya kutoka?

Rogers akaanza kukunja shati lililokwisha kunjwa. Bibisi akachungulia ndani ya redio.

Profesa: Kihistoria, binti yangu...

Ignas: Profesa, nyamaza.

Hasira zilimpanda Ignas, na hazikuwa za binti. Asubuhi nzima amezunguka na jambo hili kwa watu ambao hawajapata kushika jembe Kinole.

— Bibi yako anasemaje? aliuliza.

— Bibi alishaniambia niende tangu siku ile ya kwanza. Shamba amesema atalisimamia mama mdogo mpaka nirudi.

— Sasa kikao cha leo cha nini?

— Bibi anasema hicho ni chenu. Mkimaliza kuongea, nimjulishe.