Mbio za Phelesia Katika Moshi wa Sindo

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti karibu na redio, na kama kuna moto wa kuni jikoni, fungueni dirisha kwanza. Jioni hii tunamkumbuka Phelesia, binti wa Mzee Cephas na Mama Priscah wa Sindo, kando ya ziwa. Alikuwa mkimbiaji. Alifariki mwezi uliopita, Septemba, mwaka huu wa 1966. Alikuwa na miaka kumi na saba tu.

Nyumbani kwao wanakausha samaki. Mumi na kamongo hupangwa juu ya matanuri ya udongo, chini huwekwa kuni mbichi, na moshi hupanda tangu alfajiri. Nilipofika pale na kinasa sauti changu, nilikohoa kabla sijapiga hodi. Wenyeji wakanicheka. Walisema mtu wa mjini ana kifua cha karatasi.

Phelesia alisoma shule ya bweni upande wa Asumbi, mbali na matanuri. Huko alikimbia pekupeku kwenye nyasi, akawaacha wenzake wote katika mbio za nusu maili. Akachaguliwa kwenda Kisumu kwenye mashindano ya mkoa. Mshindi angepelekwa Nairobi. Na Phelesia aliitaka Nairobi, jamani! Mama yake anasema aliitaja hata akiosha sufuria.

Likizo ya Aprili ikafika, akarudi Sindo. Mzee Cephas akaamua kumfundisha mwenyewe. Alimpenda mtoto huyu, msije mkadhani vingine. Aliniambia hivi:

"Mimi nimekausha samaki tangu nikiwa kijana. Samaki bila moshi, jioni imeoza. Samaki ya moshi inafika mpaka Kisii na iko sawa. Nikasema, hata kifua ya mtoto ni hivyo. Ikishika moshi, haiwezi kuharibika."

Kwa hiyo kila asubuhi, matanuri yakishawashwa, Phelesia alikimbia katikati yake, akienda na kurudi. Mtu anayekimbia huvuta pumzi nyingi kuliko aliyekaa. Moshi ule wote aliuvuta hadi ndani kabisa. Akaanza kukohoa. Baba yake akasema dawa ya moto ni moto, akamwongezea mbio.

"Alikuja kwangu ameshika kifua," anasema Mama Priscah. "Akaniambia, 'Mama, aol.' Nimechoka. Nikamwambia, nyathina, mtoto wangu, vumilia tu. Baba yako anajua moshi."

Shule zilipofunguliwa alirudi bwenini. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kikapungua, akaanza tena kuwaacha wenzake. Na hapa ndipo ninapoumia, wasikilizaji wapendwa. Habari zilipofika Sindo kwamba Phelesia anakimbia kama zamani, Mzee Cephas aliwaambia majirani, "Mnaona? Moshi imefanya kazi."

Narudia ili tuelewane. Mtoto alipona kwa sababu alikuwa mbali na moshi. Sifa wakaupa moshi. Likizo ya Agosti akarudishwa kati ya matanuri, safari hii mapema zaidi, moshi ukiwa bado mzito.

Mwisho wa mwezi huo walikwenda Kisumu. Mzunguko wa kwanza aliongoza. Katika mzunguko wa pili alisimama, mikono magotini, mdomo wazi, akitafuta hewa. Wenzake wakampita mmoja mmoja. Baba yake alikuwa pembeni akipiga kelele, "Kimbia, Phelesia! Kimbia!" Hakuweza.

Daktari aliyemwona alisema asirudishwe penye moshi. Lakini kwao ndiko penye moshi. Alilazwa nyumbani, matanuri yakiwa chini ya dirisha lake, kwa maana samaki hawasubiri mgonjwa apone. Hakuinuka tena.

Nilimuuliza Mzee Cephas kama sasa anamwamini yule daktari. Machozi yalimtoka.

"Mimi naona kosa ilikuwa shule," akasema. "Nilimtoa kwa moshi kabla hajakauka. Samaki ukiitoa mapema, si inaoza?"

Nilijaribu, nikamweleza tena maneno ya daktari. Akanipa pole kwa kikohozi changu.

Mzee Cephas, Mama Priscah, na ukoo wote wa Sindo, poleni sana kwa msiba. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mwenye kijana anayekimbia, mwenye binti anayecheza mpira, hebu atazame leo anavuta hewa gani. Ningependa kuwaambia kwamba kifo hiki kimefundisha watu. Sijaona dalili hiyo.

Phelesia ana mdogo wake, Filister. Naye ana mbio. Amechaguliwa kukimbia mwakani, na baba yake ameapa kwamba huyu hatapelekwa bwenini. Asubuhi nilipokuwa naondoka, Filister alikuwa tayari kati ya matanuri. Nilimsikia akikohoa kabla sijamwona.