Ayikwei Bortey, Kocha Aliyejifunza Kunyamaza

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi karatasi hii mimi Odarley, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mjomba wetu, Ebenezer Ayikwei Bortey, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda kusifiwa uongo, nitayasoma yalivyokuwa.

Alizaliwa Bukom, hapa Accra, tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa Mama Koshie, muuza kenkey, madonge yetu ya unga wa mahindi uliochachushwa, akasoma shule ya misheni ya mtaani hadi mwaka 1964, ingawa masomo mengi aliyapata barabarani, kwani Bukom ya siku zile, mliokuwepo mnaikumbuka, mtoto alijua kukunja ngumi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mwaka 1968 aliajiriwa bandari ya Tema kuendesha winchi, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano, na tarehe 7 Aprili 1973 alimwoa Tsotsoo Quarshie, ambaye tunaye hapa, wakajaliwa Armah, Dedei na Korkor.

Mwaka 1981 alifungua klabu ya ngumi uani, nyuma ya majiko ya mama yake, vijana wakifanya mazoezi huku wakinusa unga wa mahindi uliochacha, jamani, harufu ile naisikia hadi leo. Tuseme ukweli, miaka ile mjomba alikuwa mtu wa kufoka, ukikosea alikuita kuku, ukilia alikuita kifaranga. Tarehe 2 Desemba 1989, katika pambano la vijana, alimfokea Armah, mwanawe wa kwanza, mwenye miaka kumi na mitano, akimwita mwoga mbele ya mtaa mzima, na katikati ya raundi ya pili mtoto alishuka ulingoni, akavua glavu, akampa mama yake, na baada ya Krismasi akahamia Takoradi kujifunza ufundi wa majokofu.

Mwezi Mei 1990, Accra yote ikiwa kimya, ngoma na kelele zimekatazwa kabla ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, kama ilivyo desturi, mjomba alijisahau akafoka uani hadi wazee wakamsikia, wakamtoza faini ya kondoo mmoja na chupa mbili za pombe kali, naye, kwa kuwa hakuwa na hamu ya kumtafuta kondoo wa pili, akafunga mdomo. Wiki ya tatu ya kimya hicho alimwona kijana Lomotey, aliyekuwa akifumba macho kila ngumi ilipomjia, sasa anapigana macho wazi, tena anatabasamu, na mjomba akaketi juu ya gunia la mahindi, akatambua ni nani aliyekuwa akiwafumba watoto macho.

Tangu hapo, hata ngoma ziliporuhusiwa, hakufoka tena, kila mtoto kabla ya mazoezi alimweleza pembeni anachokiogopa, na aliyeshindwa alikula kenkey na samaki sawasawa na aliyeshinda. Hakutoa bingwa wa dunia hata mmoja, lakini tazameni mahema haya, nusu yenu amewalea yeye.

Jambo moja tu lilimshinda. Aliwaomba radhi watoto wa watu, wa kwake hakuweza, mara mbili alipanda basi hadi Takoradi, akashuka kituoni, akanunua mkate, akarudi, na Armah naye alimtumia mama yake salamu, lakini Bukom hakuikanyaga kwa miaka thelathini na mitatu.

Kisukari kilimpata mwaka 2015, mwaka 2022 akakatwa mguu wa kushoto, na tarehe 3 Machi 2023, mjomba akiwa amelazwa hospitalini, Armah aliingia wodini, kichwa kimejaa mvi, akaketi kitandani.

"Mwanangu, siku ile hukuwa mwoga," mjomba alimwambia. "Mwoga nilikuwa mimi, niliogopa watu watanicheka."

Armah akajibu, "Baba, ngumi sikuziogopa. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Walilia wote wawili, nasi tukatoka tukawaachia chumba. Mjomba alifariki tarehe 21 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, Armah akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wiki zote hizi, na wenzake wa bandarini waliokuja na mabasi mawili. Armah ameniomba niwatangazie wazazi kwamba Jumatatu saa kumi jioni uani patakuwa wazi, atafundisha yeye, na mtoto anayeogopa aje hivyo hivyo.

Pumzika kwa amani, mjomba.