Msiseme Nilitubu

Songeni karibu, wanangu. Donatien, kaa kwenye kiti cha mama yako, na weye Nicole jifute machozi kwanza, kwa maana pumzi hii niliyobaki nayo ni ya kuazima, na mwenyewe yuko mlangoni anaingojea.

Mlimwona baba yenu mkubwa Herménégilde akitoka hapa asubuhi bila kuaga. Alileta neno la wazee wa kanisa: nikikiri mbele ya mashahidi kwamba Mungu ni nafsi tatu, watanifungua kifungo cha kanisa, korali itaniimbia, na nitalazwa katika makaburi yao kando ya mama yenu Marie-Jeanne. Nikikataa, nizikwe kwingine. Kisha aliniinamia sikioni: “Ndugu yangu, sema tu iko tatu. Mu moyo uamini ile unataka. Nani atajua?”

Nikamwambia, “Ule Moja atajua.”

Msimchukie. Ni yeye aliyesimama mbele ya waumini kutangaza kwamba nimetengwa, na kwa miaka mingi nikimwona sokoni nilikuwa ninapita njia nyingine, mimi mtu mzima mwenye mvi. Lakini leo alilia, na damu ni nzito kuliko maji. Akija kwenye matanga, mpeni kiti cha mbele.

Mnajua nilikuwa mwalimu wa wabatizwa. Nilikuwa ninashuka na pasta ziwani pale Kalundu, maji yakinifika kifuani, yeye akitaja yale majina matatu na mimi nikishika mgongo wa mtu asizame, na mwanafunzi akiniuliza habari za Utatu nilimwambia ni fumbo, anyamaze. Kisha vita vikatukimbiza mpaka Runingu, nikabaki na Injili bila mwalimu wa kunishika mkono. Nikamwona Yesu amepiga magoti anaomba, nikajiuliza, anamwomba nani? Nikamsikia akiulizwa amri iliyo kuu, naye akaanza kwa kusema Mungu wetu ni mmoja, wala hakuongeza wa pili. Mimi ni nani nimwongezee? Tuliporudi ziwani kubatiza, mikono yangu ilishika watu lakini Amina sikuitika tena. Nikamwendea pasta nikamweleza, kwa sababu mficha maradhi, kilio humfichua.

Tangu siku ile nimeomba katika sebule hii na watu wachache, pamoja na Nkusi, yule mchungaji wa ng'ombe wa milima ya juu ambaye nyumba nyingi za mtaa huu hazimfungulii mlango kwa ajili ya kabila lake. Wametuita Wakristo nusu, na wengine wanasema tumesilimu. Wanangu, mimi sikumwacha Yesu hata siku moja. Ni kaka mkubwa anayeijua njia ya nyumbani kwa Baba, nami nimemfuata nyuma hadi miguu imechoka.

Sasa shikeni haya. Nyumba hii ni ya Nicole, na ndugu wa ukoo wakisema mtoto wa kike harithi, Donatien, weye ndiye utakayewajibu. Shamba la Runingu ni lako, upande wa juu wa mfereji hadi kwenye migomba. Hapo ndipo mtakaponizika, na Nkusi ataomba. Ninajua mnachokililia. Hata mimi ninaumia kulala mbali na mama yenu, ninaumia sana, lakini sitanunua nafasi kando yake kwa uongo. Mama yenu mwenyewe angenigeuzia mgongo.

Kanisani kwenu bakini. Nicole, usiache korali kwa ajili yangu, na msigombane na mtu juu ya Mungu, maana anayegombana juu yake huwa amekwisha kumsahau.

Lakini kuna jambo moja, na hili ninawaapisha. Mnaijua desturi yetu: mtu aliyetengwa akifa, hukosi mzee wa kusimama kwenye matanga na kusema, “Marehemu alitubu saa ya mwisho,” na watu wote wanaitika Amina, kwa huruma. Donatien, siku hiyo usiitikie hata kwa kichwa. Simama, useme kwa heshima: Baba yetu hakutubu. Alimpenda Yesu, akafa akimwomba Mungu mmoja. Kisha ukae. Usiongeze.

Nipeni maji... Hapana, yametosha. Leteni vichwa vyenu hapa, mkono haufiki. Mungu aliye peke yake, Baba wa Yesu na Baba yenu, awape... awape mazao, na watoto, na ulimi usiopinda. Mkapendane. Mkapendane, jamani.

Nicole... niimbie wimbo wa mazishi ya mama yako. Taratibu. Uimbe wote, mwanangu, usiruke ule ubeti wa mwisho, wa Utatu... ni imani yako, uimbe. Mimi hapo... nitanyamaza.