Kibanja cha Ma Adventina

Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Padri wetu, wazee wenzangu, akina mama, na wanafunzi wa darasa hili la watu wazima tunalolifungua leo hapa Buganguzi:

Mmeniomba nieleze nilivyoishi Uingereza miaka thelathini na mmoja. Niliishi Norfolk, pwani ya mashariki, yenye miji midogo inayotazama bahari na, nyuma yake, mashamba ya ngano na viazi. Asubuhi nilipanga vitabu katika maktaba ya mji. Jioni nilirudi kijijini kwa baiskeli, upepo wa bahari ukinisukuma mgongoni. Watu walikuwa wema. Lakini kila mwaka hakukosekana wa kuniuliza, "Utarudi lini kwenu?"

Basi nikafanya kosa la Kihaya: nilipanda mgomba mbele ya nyumba. Nani kati yetu angeita nyumbani mahali pasipo mgomba? Jirani yangu, Bi Edith, alicheka: "Bwana Kashaija, huu hautafika Krismasi!" Baridi ilipoingia, yeye mwenyewe akauvika koti la marehemu mumewe. Tuliuvika miaka tisa. Haukuzaa hata ndizi moja, lakini watu walianza kusema, "Pale penye mgomba ndipo kwa Kashaija," wala hawakuniuliza tena nitarudi lini.

Juzi nilifika kwenye kibanja, shamba la migomba na mibuni, cha marehemu baba yangu. Nilimkuta Ma Adventina, mjane wa hapa kijijini aliyekabidhiwa kibanja hicho akitunze baba alipofariki, ameshika jembe.

"Ta Kashaija, umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Mwenye mali ndivyo anavyoanza!"

Mnacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Ndugu Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuniambia kwamba mrithi akirudi, mjane atatafutiwa pengine.

Ndugu Mwenyekiti, ni nani ametandaza nyasi kwenye migomba ile miaka kumi na minne? Ni nani amepogoa mibuni? Ikiwa mgomba tasa ulitosha kunipatia kwangu ugenini, aliyelisha watoto watano kwa ndizi za kibanja kile aambiwe kwake ni wapi? Nasema mbele yenu nyote: sikidai kibanja hicho, wala ndugu yangu yeyote asikidai kwa jina langu. Mwandike Ma Adventina kuwa mwenye kibanja.

Mimi naomba chumba nyuma ya darasa hili, na kazi ya kufundisha. Ma Adventina, umejiandikisha hapa ili ujue kusoma. Jumatatu tutaanza na jina lako, ili karatasi ya Mwenyekiti uisome mwenyewe kabla ya kuweka sahihi.

Nimemaliza, waitu, ndugu zangu. Asanteni kwa kunipa masikio yenu.