Jina la Mwenye Mashine

Benchi lililo mkabala na sinema iliyofungwa, pale Caibarién, mji wa pwani kisiwani, lina miguu mitatu na tofali, na waliobaki kulikalia ni wanne. Zamani walikuwa kumi na mmoja. Wengine wako Tampa, wengine Montevideo, mmoja yuko makaburini. Kila alasiri Mzee Idalberto huja na chupa ya kahawa ya mgawo wa serikali, nusu yake njegere za kukaanga, Mungu atusamehe. Wiki ya tatu sasa walikuwa wakibishana jambo moja tu: katika mifumo ya bure ya kompyuta, upi uwekwe kwenye mashine ya mezani ya nyumbani kwake? Mashine ile aliiunda mwanawe Yoandri kwa vipande vya kuokoteza, akaifunga kwa neno la siri. Kisha, miezi kumi na minne iliyopita, akapanda mashua kuelekea kaskazini, na mpaka leo kimya. Ukiiwasha inaandika "Yoandri", inadai neno la siri, basi. Mkewe Idalberto, Caridad, anataka ifutwe na iwekwe mfumo mpya, apate kuziandikia ofisi zinazotafuta watu waliopotea baharini. Amelisema hilo mwezi mzima. Leo asubuhi alimwekea tu mumewe flashi kando ya mkate, akatoka.

— Humu mna mifumo mitatu ya Linux, alisema Skrubu, fundi redio, akiigeuzageuza ile flashi. Mimi nasema tuweke ile nyepesi. Mashine yenyewe ina akili ya kuku, ukiipa mfumo mzito itazimia.

— Nyepesi! alidakia Mhadhiri, aliyefundisha jiometri miaka thelathini na hajastaafu kufundisha. Haraka haraka haina baraka. Kitu chepesi hupeperushwa, na sisi hapa tuna vimbunga.

— Kimbunga kitaingiaje kwenye kompyuta, Mhadhiri?

— Umeme ukikatika, ndiyo kimeshaingia.

Wote wakamgeukia Transfoma, aliyewahi kufanya kazi shirika la umeme.

— Msinitazame mimi, nilishaacha kazi! Ila nawapa siri. Mifumo hii imetungwa na watu wa nchi za baridi. Imezoea theluji. Ukiileta huku mwezi wa nane inatoka jasho, jasho linaingia kwenye nyaya. Mnadhani umeme wa kisiwa hiki unapotelea wapi?

— Toka hapa na jasho lako!

— Cheka, Skrubu. Mficha uchi hazai.

— Sasa uchi umeingiaje hapa?

Idalberto naye alicheka. Lakini alipoona ubishi unaanza kupoa, akautia kuni:

— Mimi kinachonitisha ni hilo neno bure. Siku hizi nani anakupa kitu bure?

Jibu alikuwa nalo. Yoandri alimweleza mara nyingi tu: ni kama supu ya mtaa, huyu analeta kiazi, yule analeta kichwa cha nguruwe, na chungu kikiiva anakula hata asiyeleta kitu. Aliuliza kwa sababu maadamu wanabishana, hakuna kinachofutwa. Aliona haya kwa hilo, lakini aliuliza.

— Cha bure kina macho, alisema Transfoma. Kinakutazama ukiwa umelala.

— Mimi nikilala hakuna cha kutazama, alisema Skrubu. Mzee Idalberto, tuamue. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tuuweke mmoja, ukituudhi tunautoa.

— Huo si mpangaji, ndugu yangu, alisema Mhadhiri. Ukiuweka, kilichomo chote kinafutika.

— Basi na kifutike! Transfoma alipiga benchi. Maji ukiyavulia nguo...

Skrubu alimkanyaga mguu, lakini neno maji lilikuwa limeshatoka. Mhadhiri alianza kuisoma milango ya sinema, ambayo haina maandishi tangu zamani. Idalberto akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo alipofika Damaris na kikombe chake mkononi. Wiki iliyopita alihamia nyumba iliyoachwa na familia iliyokwenda Uruguay.

— Habari za hapa, wazee? Naambiwa benchi hili lina kahawa.

— Linayo, alisema Skrubu. Ila usiulize imechanganywa na nini.

Damaris alikunywa, akakunja uso, akashukuru. Alisikiliza kidogo, kisha akaomba ile flashi.

— Wiki tatu kwa hili? Jamani! Nimefundisha kompyuta miaka tisa kule Sancti Spíritus. Wowote kati ya hii mitatu utafaa. Twende sasa hivi, mzee, umeme bado upo. Ni kazi ya nusu saa.

Idalberto aliwatazama wenzake, akitamani mmoja wao abishe. Hakuna aliyebisha.

— Sawa, alisema. Caridad atafurahi.

— Ila nitajie kabisa, maana ndilo swali mashine itakalouliza mwanzoni. Jina la mwenye mashine niandike nani?

Mhadhiri alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Transfoma alitazama chini. Idalberto alilifikiria jina la mwanawe, akamwona Caridad akikaa mbele ya jina hilo kila asubuhi kuandika kwamba mwenye jina hili amepotea. Akalifikiria la Caridad. Akiandika hilo, atakuwa amemrithisha mama mali ya mwana ambaye hata habari ya kufa kwake haijaletwa.

— Acha wazi, alisema.

— Haikubali, mzee. Bila jina haiendelei.

Idalberto aliinua chupa ammiminie kahawa nyingine, apate muda wa kufikiri. Ilikuwa imekwisha.