Akpata Iliyorithiwa na Mwenye Nyumba

Mtukufu Onojie, mfalme wetu, wazee wa baraza, Chifu Ehimare uliyetujengea chumba hiki cha kuhifadhi ala zetu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wana wa Esan mliotoka karibu na mbali:

Kosa tunalolifanya wengi ni kudhani kwamba ala ya muziki hurithiwa kama nyumba. Nyumba haimwulizi mrithi anajua nini. Ala humwuliza.

Nimeombwa nimsifu Chifu Ehimare, nami namsifu kwa moyo wote. Alimzika baba yake, marehemu Ojiefoh, kwa taratibu zote zinazompasa mwana wa kwanza, bila kuruka hata moja. Ndipo akakabidhiwa nyumba na vyote vilivyomo, pamoja na akpata ile mnayoiona nyuma ya kioo, sanduku la mti ambalo kila uzi wake una upinde wake. Nani asiyekumbuka jinsi Ojiefoh alivyoipiga jioni za hadithi, binti yake Izegbuwa ameketi ubavuni, akimkazia nyuzi zilipolegea?

Siku ya kukabidhiana urithi, Izegbuwa alisema, "Kaka, nyumba ni yako. Mimi niachie akpata tu."

"Dada yangu, wewe umeolewa Irrua. Leo akpata, kesho si utarudi kung'oa mlango?"

Watu wakacheka. Wazee wakaamua kama mila ilivyowataka, na tangu siku hiyo akpata haikusikika tena. Ilitundikwa sebuleni kwa Chifu kule mjini Benin, ikapakwa vanishi. Nyuzi zilipokatika zikawekwa za nailoni, ili ipendeze machoni, hata ikaletwa kwenye kabati la chumba hiki.

Mwezi uliopita, vijana wetu wanaorekodi ala za Esan walimwendea Izegbuwa.

"Mama, uzi wa tatu mlikuwa mkiukaza kiasi gani?"

"Mwanangu, hilo vidole ndivyo vinavyolijua, si mdomo. Leteni chombo."

"Kiko kabatini, Mama. Kimefungiwa kwenye kioo."

"Haya, kirekodini hicho kioo!"

Tulicheka sana tuliposimuliwa. Lakini nani kati yetu aliuliza hali ya vidole hivyo? Asubuhi hii nimempa mkono pale alipoketi, safu ya tatu; vidole viwili havikunjiki tena. Nyimbo za baba yake amebaki nazo chache, na hata hizo, asema, hazimjii mpaka ashike nyuzi. Zilizokwisha kupotea hatutazipata, Waheshimiwa, hata tukijenga vyumba kumi kama hiki.

Chifu, hukuvunja mila yoyote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: sote tulifanya lililo sawa, na bado tumepoteza.

Nawashukuru nyote kwa utulivu mlionipa. Chifu Ehimare, ufunguo uko mfukoni mwako: fungua kabati hilo leo hii, kabla ya chakula, umkabidhi dada yako akpata.