Nani Amebaki na Karai

Sogeeni karibu, wanangu, mkae mahali ambapo sitahitaji kupaza sauti, na acheni kunichungulia kama mkate ulio kwenye tanuri, kila dakika mnataka kujua kama nimeiva. Nimeiva. Padri amenipaka mafuta asubuhi, tena akanipaka mengi, maana ananijua tangu zamani; na daktari ameondoka bila kuomba chai, na katika bonde hili la Beauce daktari asiyeomba chai ameshakata tamaa. Msilie. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi, Onésime Turcotte, mwana wa Ferdinand, nina akili timamu, mguu mmoja mzima na maneno machache ya kuwaachia, kwa hiyo sikilizeni, na Blandine usinikatize.

Mali yangu si ya kuumiza kichwa. Ovila, mwanangu wa kwanza, farasi wote wawili ni wako, pamoja na pipa lao la kukusanyia maji ya miti, na yule dume usimchape, ukimtukana atakuelewa. Blandine, benchi letu la kanisani ni lako, lile la safu ya pili, kwa sababu katika parokia nzima hakuna mwingine anayejua nani alichelewa misa na alikuwa amevaa nini. Noëlla, kitindamimba wangu, chukua kitanda hiki, ila ukianike juani kwanza. Nyumba ni yenu nyote. Lakini msitu wa sukari, hii miti tunayoitoboa tukachemsha maji yake matamu mpaka yawe shira, haugawanyiki, wala karai la kuchemshia shira haligawanyiki. Karai ni moja, moto ni mmoja, na anayesimama mbele yake ni mmoja. Yeye ndiye anayesema shira imeiva au bado, na wengine wote hufunga mdomo wakabeba ndoo. Nikifa bila kumtaja mtu huyo, kabla ya Pasaka mtakuwa mnagawana miti kwa shoka. Hilo tu ndilo linalonichelewesha. Vinginevyo ningekwenda zangu tangu Jumanne.

Wanaolitaka karai ni wawili, na fahali wawili hawakai zizi moja, hasa mmoja akiwa Blandine. Mwaka mwingine ningewapa kwa zamu. Lakini masika haya, jamani! Mwezi wa pili haujafika katikati, joto likaja kama mgeni asiyealikwa, paa likaanza kudondosha matone, na Ovila akaona kunguru. Kunguru mmoja! Babu yako alisema kunguru wakirudi ndipo utoboe miti, naye alisema kunguru, wengi, wanaogombana. Huyo mmoja alikuwa amepotea njia. Wewe Ovila ukachukua keekee ukapanda mlimani, ukatoboa upande wote wa juu, ukatundika ndoo, ukashuka unapiga mluzi. Usiku ule ule baridi ikarudi, ikakaa, ndoo zako zikajaa theluji, na matundu yakakauka kama koo langu hili. Nipe maji, Noëlla. Asante.

Na wewe Blandine usicheke. Wewe umeshika upande wa chini, karibu na mto, na bibi yako alitoboa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ya mwezi wa tatu, basi na wewe ukaapa hutagusa mti kabla ya hapo, mvua ya barafu ikavunja matawi ukangoja, theluji ikafika kiunoni ukangoja, na jana, jua lilipotoka baada ya ile baridi kali na maji yakaanza kukimbia ndani ya miti, nusu ya miti yako ilikuwa bado haina hata tundu. Nilimwambia Ovila mwenye pupa hadiriki kula tamu, na wewe nikakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nyinyi, badala ya kila mtu kuchukua methali yake, mkapeana! Nimewasikia hapa kitandani, mimi ni mgonjwa wa kifua, masikio yangu mazima. "Wewe unayetoboa kwa kufuata ndege!" "Na wewe dada, unangoja Yosefu mwenyewe aje na keekee yake? Si ni seremala?" Mbele ya padri, tena akiwa ameshika mafuta.

Na mkate wa mwaka mzima uko ndani ya siku hizi chache, mnajua. Vyura wakishalia kule kwenye tope, maji ya miti yanabadilika ladha, na hapo huna shira, una dawa ya minyoo. Kwa hiyo kila tone la leo, kila ndoo…

Ngojeni.

Ngojeni kidogo. Ovila uko hapa. Blandine uko hapa. Noëlla yuko miguuni pangu, analowesha blanketi kwa machozi. Nani amebaki na karai?

Usimtazame dada yako, Ovila, nitazame mimi. Ulidhani nini? Ulidhani Blandine kamweka mtu. Na wewe ulidhani kaka yako kamweka. Yesu na Maria! Karai limejaa, chini yake moto wa kuni kavu nilizozipasua mwenyewe, na nyinyi mmekuja hapa mbiombio kusikiliza nani atarithi karai mliloliacha linaungua! Hapana, msikimbie, kama limeungua limeshaungua. Niinulieni mto. Juu zaidi. Nataka kuona banda la kuchemshia kutoka dirishani.

Hm.

Mvuke mweupe. Mzito, unapanda sawasawa kwenye paa, hauna moshi mweusi hata kidogo. Kuna mtu pale, na mtu huyo anatia kuni kidogo kidogo, mara kwa mara, kama inavyotakiwa. Noëlla, mbona umeacha kulia ghafla? Ni mumeo, sivyo? Ni Théophane. Ni yule mtu wa samaki.

Miaka kumi na tisa sijamwambia neno, na kila mtu mezani anajua kwa nini, lakini nitalisema, kwa kuwa wosia bila kinyongo ni kama supu ya njegere bila chumvi. Mwaka aliokuoa, katoka kwao Gaspé kwenye bahari, nikamwachia karai Ijumaa Kuu asubuhi, nikaenda kanisani. Juu ya karai, kama kwa watu wote wenye akili, palikuwa na kipande cha mafuta ya nguruwe kimening'inia kwa uzi, ili povu likipanda likiguse litulie. Kijana akakitazama, akawaza, Kwaresima hii, tena Ijumaa Kuu, nguruwe! Akakishusha. Akaenda kwenye sanduku lake, akatoa ng'onda, samaki mkavu aliyepewa na mama yake, akaitundika mahali pake. Povu likapanda, likaitumbukiza. Nimerudi, nimeonja. Shira ya samaki! Na paroko wa wakati ule alikuwa ameshapelekewa mitungi yake, akawapa masista, na masista wakala kimya wakidhani ni toba.

Msicheke, nikicheka nakohoa.

Basi. Simsamehe ng'onda. Hiyo naondoka nayo, mtaizika pamoja nami. Lakini tazameni huo mvuke. Wote wanaolitaka karai wako chumbani humu, na asiyeahidiwa kitu chochote ndiye aliyebaki nalo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeisema maisha yangu yote kwenye harusi za watu. Inaniuma, siwafichi, inaniuma kuliko kifua. Karai ni la Théophane. Moto ni wa Théophane. Akisema imeiva, imeiva. Ovila, utatoboa atakapokwambia, na kunguru umwache apite. Blandine, utatoboa siku hiyo hiyo, hata kama hakuna mtakatifu wa siku hiyo. Noëlla, jifute machozi, na samaki wasiingie bandani.

Pigeni magoti sasa. Ovila, wewe mkubwa, niombe baraka kama siku ya Mwaka Mpya. Sema kwa sauti… Vizuri. Mungu awabariki, awape baridi usiku na jua mchana, awape mikono isiyogombana. Na huyo asiyeweza kutoka kwenye moto… nishikeni huu mkono, mzito… uelekezeni dirishani. Hapo. Mungu akubariki na wewe, mwanangu.

Mwambieni nimemwita hivyo. Mara moja tu, asizoee.

Sasa ondokeni, ndoo zinafurika. Hapana, Noëlla, asibaki mtu. Naogopa kidogo, ndiyo… lakini maji yanayomwagika yananitisha zaidi. Nikikata roho, nifunikeni shuka, mfungue dirisha, mrudi kwenye miti. Maji yakikaa yanachacha upesi kuliko mimi. Mnizike vyura wakilia.

Nendeni, wanangu… Mbona bado mko hapa?